Nani aitwe mwalimu? Kisa cha chekechea za Mississippi, 1965 hadi 1968

Tarehe 11 Februari 1966, ukumbi wa Kamati ya Elimu na Kazi ya Baraza la Wawakilishi, Washington, uligeuka chekechea. Watoto Weusi 48 kutoka Mississippi walishuka kwenye mabasi mawili baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500, wakaingia pamoja na walimu wao, wakakaa chini, wakaanza kuimba, kucheza na kuchora mbele ya waheshimiwa. Hawakwenda kuomba wajengewe shule. Shule walikuwa nazo. Walichofuata ni fedha za kuziendesha, kwa sababu tangu kiangazi kiishe mama zao walikuwa wakifundisha bila mshahara.

Siku kumi na moja baadaye fedha zilitoka: dola milioni 5.6 kwa miezi sita. Miezi saba haikupita sana, ofisi ileile iliyozitoa ikatangaza kwamba haitatoa tena hata senti.

Hapo katikati ndipo penye kisa. Shirika lenyewe liliitwa Child Development Group of Mississippi, kwa kifupi CDGM. Nimelichagua kwa sababu wengi wanaotetea elimu ya awali ya watoto Weusi nchini Marekani huanza na takwimu za utafiti, na takwimu zina kazi yake. Ila mtu akitaka kujua kwa nini chekechea nzuri ya mtoto maskini huwa na maadui, wala si wachache, aende Mississippi. Atakuta kwamba ugomvi haukuwa juu ya wimbo wa alfabeti.

Hali ilivyokuwa

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Miaka miwili baadaye bunge la Mississippi likafuta sheria ya kulazimisha watoto kwenda shule. Walikuwa radhi pasiwe na sheria ya shule kabisa kuliko watoto kuketi pamoja. Chekechea za serikali hazikuwepo. Katika eneo la Delta, lenye mashamba makubwa ya pamba, shule za Weusi zilifungwa msimu wa kuvuna ili mikono midogo ifanye kazi. Kibarua cha kupalilia pamba kilikuwa dola 3 kwa siku, na siku hiyo ilianza kabla jua halijapanda. Mwanamke aliyekwepa shamba aliishia jikoni kwa Mzungu, akipika na kulea watoto wa wenzake huku wa kwake wakilelewa na dada yao wa miaka minane.

Mei 1965 Rais Lyndon Johnson alitangaza Head Start, mpango wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla ya darasa la kwanza. Ulikuwa sehemu ya vita dhidi ya umaskini vilivyosimamiwa na Sargent Shriver, mkuu wa ofisi iliyoitwa Office of Economic Opportunity. Kiangazi hicho cha kwanza mpango ulipokea zaidi ya watoto nusu milioni nchi nzima. Ndani yake mlikuwa na masomo, chakula cha moto, daktari na huduma ya meno. Sheria yenyewe ya 1964 ilisema maskini washirikishwe kwa kadiri yote inayowezekana katika kuendesha miradi yao. Sina hakika kama walioandika sentensi hiyo walitegemea kuna watu watakaoichukua kama ilivyo.

Mississippi waliichukua kama ilivyo.

Mlango wa nyuma

Tatizo la kwanza lilikuwa gavana. Sheria ilimpa gavana wa jimbo uwezo wa kuzuia ruzuku asiyoitaka, na gavana wa Mississippi, Paul Johnson, asingeruhusu fedha za Washington zipite mkononi mwa watu waliotoka kwenye harakati za haki za raia za kiangazi cha 1964. Lakini ruzuku iliyopitia chuo cha elimu ya juu haikuguswa na uwezo huo. Basi maombi yakapitishwa katika chuo kidogo cha Weusi, Mary Holmes, kilichokuwa West Point kaskazini-mashariki mwa jimbo. Chuo kikawa mpokeaji kwenye karatasi. Kazi ikafanyika Mount Beulah karibu na Edwards, katika majengo yaliyokuwa yanatumiwa na shirika la makanisa la Delta Ministry, watu wale wale ambao wakubwa wa jimbo walikuwa wanawaona kuwa wachochezi.

Mbinu hiyo ilikuwa halali na ilikuwa ya kijanja. Pia ilikuwa na bei yake, kwa sababu anayeingia kwa mlango wa nyuma hutazamwa na wenye nyumba hata akiwa hajabeba kitu.

Wa kwanza kuongoza alikuwa Tom Levin, mwanasaikolojia kutoka New York aliyekuwa amefika Mississippi mwaka uliotangulia pamoja na madaktari waliojitolea. Polly Greenberg aliacha kazi katika ofisi ya Shriver ili asimamie upande wa mafunzo. Si wanaharakati wote waliofurahi. Vijana wengi wa SNCC, shirika la wanafunzi lililopigania haki za raia, waliona kwamba fedha za serikali ni kamba shingoni. Leo unalishwa, kesho unavutwa. Walichosema kilitimia kwa sehemu kubwa, ingawa sidhani kilitosha kuwa sababu ya kuzikataa.

Kiangazi cha 1965 vituo 84 vilifunguliwa, vikapokea karibu watoto 6,000, kwa ruzuku ya takriban dola milioni 1.5. Vilikuwa kwenye makanisa, nyumba za watu, kumbi za jamii. Wenyeji ndio waliotafuta jengo, wakalikarabati, wakachagua kamati, na kamati ikaajiri.

Walimu walikuwa nani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uzito ulipo.

Mtu angetarajia walimu wa chekechea hizo watoke miongoni mwa walimu Weusi wenye vyeti, na Mississippi ilikuwa nao wengi. Wengi wao walikaa mbali. Mikataba yao ilikuwa mikononi mwa bodi za elimu za Wazungu, na mwalimu aliyehusishwa na harakati alijua mkataba wake hautahuishwa mwaka ukiisha. Siwalaumu. Ukiwa na watoto wanne na mshahara mmoja, ujasiri unahesabiwa kwa namna nyingine.

Kwa hiyo kamati za vijiji ziliwaajiri waliokuwepo: vibarua wa pamba, wapishi wa majumbani, wafua nguo, bibi waliokuwa wamelea nusu ya mtaa. Wengi hawakumaliza shule ya msingi. Baadhi walikuwa wamekwisha kufukuzwa kazi au kutolewa kwenye nyumba za mashamba kwa kosa la kwenda kujiandikisha kupiga kura. Kwa Levin na Greenberg hilo halikuwa upungufu wa kufunikwa. Walishikilia kwamba mtoto aliyezaliwa mahali ambapo baba yake huitwa kijana na Wazungu hadi mvi zinamtoka anahitaji kuona mtu mzima wa kwao akishika usukani, akiamua, akiheshimiwa. Herufi zitafuata.

Darasani watoto walisimulia, mwalimu akaandika maneno yao kama walivyoyasema, kwa Kiingereza chao cha nyumbani, kisha wakasomewa hadithi yao wenyewe kutoka kwenye karatasi. Vitabu vya shule wakati huo vilionyesha familia za Kizungu zenye bustani na mbwa. Huyu wa Delta alikuta kwenye karatasi kidimbwi cha nyuma ya kwao. Wanaofundisha kusoma siku hizi wanaijua mbinu hiyo vizuri na wanaipenda. Mwaka 1965, kwa mkaguzi aliyetumwa kutafuta makosa, ilionekana kama watu wasiojua Kiingereza wakifundisha wasiojua Kiingereza.

Zaidi ya masomo kulikuwa na sufuria. Watoto walikula milo ya moto, wengine wakapimwa na daktari kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Na kulikuwa na mshahara, uliozidi kwa mbali dola 3 za shambani. Mwanamke alipokea hundi ambayo mwenye shamba hakuitia saini. Angeweza kwenda kujiandikisha kupiga kura na asubuhi bado akawa na kazi. Angeweza kumpeleka mwanawe kwenye shule iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Katika kaunti ambazo dola yote ilizunguka kupitia mikono ya familia chache, hilo lilikuwa tetemeko. Vituo kadhaa vilipigwa risasi, misalaba ikachomwa mbele ya vingine kama vitisho. Hakuna anayepigia chekechea risasi kwa sababu ya mtaala.

Seneta na daftari la hesabu

John Stennis, seneta wa Mississippi, hakuhitaji bunduki. Alikuwa kwenye Kamati ya Matumizi ya Seneti, ile inayoamua nani apewe kiasi gani, na Rais Johnson alimhitaji kwa bajeti ya vita vya Vietnam kama alivyohitaji wengine wa kusini. Kiangazi cha kwanza hakijaisha, wachunguzi wa Seneti walikuwa Mount Beulah wakipekua makaratasi. Stennis akadai kwamba fedha za umma zinatumika kuendesha harakati: faini za waandamanaji, magari ya kukodi, mishahara ya watu wasiofanya kazi.

Watetezi wa CDGM wanaposimulia kisa hiki hupita hapa mbio. Mimi nadhani hapa ndipo pa kusimama. Hesabu za CDGM zilikuwa na matatizo ya kweli. Shirika lililokusanya wafanyakazi zaidi ya elfu moja ndani ya wiki chache, wengi wakiwa hawajawahi kushika risiti rasmi, lilikuwa na stakabadhi zilizokosekana, matumizi yasiyoelezwa vizuri, na mipaka iliyofifia kati ya kazi ya kituo na kazi ya harakati. Ndugu waliajiriwa pamoja, jambo gumu kuliepuka katika kijiji ambacho kila mtu ni binamu wa mwenzake, lakini kwenye ripoti husomeka upendeleo. Kiasi chenye utata kilikuwa kidogo ukikilinganisha na ruzuku yote, na mashirika mengine ya Head Start yaliyoanza kwa haraka ileile yalikuwa na kasoro za aina hiyo hiyo. Ila hayo mengine hayakuwa na seneta mlangoni. Anayejua kwamba adui yake anasubiri risiti moja ipotee ana wajibu wa kuilinda kuliko wengine. Si haki, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ofisi ya Shriver ilidai makao makuu yahamishwe kutoka Mount Beulah hadi kwenye chuo cha Mary Holmes, mbali na wachochezi. Bodi ilikataa. Levin aliondoka, John Mudd akashika nafasi yake, na vitabu vya hesabu vikaanza kunyooka. Aliyesimama mbele katika mabishano hayo ni Marian Wright, wakili kijana wa mfuko wa sheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mjini Jackson na mwanamke Mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa wakili katika jimbo hilo. Alikuwa kwenye bodi ya CDGM, na alielewa mapema kwamba kesi ya watoto hawa haitashindwa mahakamani bali ofisini, kwa barua za wahasibu.

Miezi ya kati ya kiangazi cha 1965 na Februari 1966 ndiyo iliyowashangaza Washington. Fedha zilikuwa zimekauka, mpango rasmi ulikuwa umekwisha, na vituo vingi vikaendelea. Kina mama walileta unga na maharage kutoka nyumbani, wakafundisha bila malipo. Ndipo safari ya mabasi ikapangwa, magazeti yakaandika, na Shriver akakubali. Duru ya pili ilifikia karibu watoto 9,000 katika kaunti 28.

Shirika la pili

Septemba 1966 liliandikishwa shirika jipya, Mississippi Action for Progress, MAP. Katika bodi yake walikuwamo Owen Cooper, mwenye viwanda wa Yazoo City. Hodding Carter wa tatu, mhariri wa gazeti la Greenville. Na Aaron Henry, rais wa NAACP wa jimbo. Mara Shriver akatangaza kwamba CDGM haitapewa tena fedha na kwamba MAP ndiyo itakayopewa.

Kisa kingekuwa chepesi kama MAP ingekuwa kundi la wabaguzi. Haikuwa. Wazungu wake walikuwa wa msimamo wa kati, watu waliotukanwa na majirani kwa kukaa meza moja na Weusi. Na Aaron Henry hakuwa kibaraka. Duka lake la dawa huko Clarksdale lilishambuliwa kwa sababu ya harakati, na yeye aliwahi kufungwa. Aliona kwamba Head Start bila ridhaa ya sehemu fulani ya Wazungu haitadumu Mississippi, na kwamba mtoto anahitaji chakula mwaka huu, si baada ya mapinduzi. Hoja hiyo ina uzito, na nimejaribu mara kadhaa kuitupa nikashindwa.

Lakini tazama kilichobadilika. Watoto walikuwa walewale, chakula kilekile, hata baadhi ya majengo. Kilichoondoka ni kamati ya kijiji kumwajiri na kumfukuza mwalimu. Katika MAP bodi ilikaa juu, na watu wake walichaguliwa kwa kupigiana simu. Mama wa kaunti ya Leake au Issaquena aliyekuwa mwajiri jana akawa mzazi wa kualikwa mkutanoni. Neno lililotumika kuhalalisha hilo lilikuwa ubora: viwango, vyeti, usimamizi wenye uzoefu.

Oktoba 1966 maelfu walikutana Jackson kupinga. Tarehe 19 mwezi huo tangazo la ukurasa mzima lilitokea kwenye New York Times, kichwa chake kikimtaka Shriver aseme kwamba si kweli, na chini yake majina ya watu wa dini, vyuo na haki za raia. Muungano ulioongozwa na Walter Reuther wa chama cha wafanyakazi wa magari ulituma watu wake kuchunguza, wakasema sababu zilizotolewa za kuinyima CDGM hazisimami. Shriver, Mkatoliki aliyezoea kusifiwa na maaskofu, hakuzoea hilo. Desemba walifikia maafikiano, na mwanzoni mwa 1967 CDGM ikapata dola milioni 4.9, kwa kaunti chache kuliko awali na masharti mengi kuliko awali. MAP ikabaki na kaunti nyingine. Mwaka mmoja hivi baadaye CDGM haikuwepo tena kama shirika.

Katika kaunti zilizoachwa nje, baadhi ya vijiji vilikataa kuingia MAP. Walijiita Friends of Children of Mississippi, wakaendesha vituo kwa kujitolea na kwa msaada wa wafadhili binafsi hadi nao walipokuja kupewa fedha za serikali.

Kuhusu ubora

Mtetezi wa leo ataniuliza, na ataniuliza kwa haki: je, watoto walijifunza? Hapa CDGM haina jibu la kiwango cha mradi wa Perry. Huko Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967, David Weikart na wenzake waliwafuatilia watoto 123 kutoka familia maskini za Weusi. Watoto 58 walipata chekechea na 65 hawakupata, wakigawanywa kwa bahati nasibu kwa kiasi kikubwa. Walimu walikuwa na shahada, kila mmoja akiwa na watoto watano au sita, na kila wiki walizitembelea nyumba. Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima, na waliopata chekechea walikamatwa mara chache zaidi na kupata kipato kikubwa zaidi kuliko wenzao. Kila anayeomba bajeti ya elimu ya awali Marekani hubeba matokeo hayo mfukoni.

Na kwa kweli Perry inawapa nguvu wakosoaji wa CDGM. Mwalimu aliyesoma ni bora kuliko asiyesoma, na mtoto wa Delta alistahili wa kwanza. Siwezi kuzunguka hilo. Ila hapakuwa na jambo lililozuia kumsomesha mwalimu aliyekuwepo tayari. CDGM ilikuwa inafanya hivyo kwa warsha na wakufunzi wa kuzunguka. Fedha ambazo zingeweza kuongeza mafunzo hayo zilitumika kujenga shirika jingine pembeni. Aliyedai cheti hakutoa nafasi ya kukisomea.

Jambo jingine Perry haikulijaribu: mradi uliendeshwa na watafiti, ndani ya mfumo wa shule uliokuwepo. Mzazi alitembelewa. Hakuajiri mtu. Tunajua hivyo kile ambacho chekechea nzuri yaweza kumfanyia mtoto Mweusi pale ambapo mama yake anabaki alipokuwa. Tunajua kidogo zaidi kinachotokea pale ambapo mama naye anainuka.

Kidogo hicho kimo kwenye maisha ya watu. Winson Hudson wa Harmony, kaunti ya Leake, alisimamia Head Start kwao na kuendelea kuwasumbua wakubwa wa kaunti kwa miaka mingi. Unita Blackwell, aliyechuma pamba tangu utotoni na kufanya kazi na CDGM kwenye upande wa jamii, alichaguliwa miaka ya 1970 kuwa meya wa Mayersville, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa meya Mississippi. Aprili 1967 Marian Wright aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti mjini Jackson, akawaeleza kwamba kuna watu Delta wasio na chakula kabisa, na kesho yake Seneta Robert Kennedy akaingia vibandani akajionea. Mwaka 1973, akiwa sasa Marian Wright Edelman, alianzisha Children's Defense Fund. Aliyejifunza kulinda risiti Mount Beulah akaenda kuwalinda watoto wa nchi nzima.

Jimbo lenyewe halikuwa na haraka. Sheria ya kulazimisha shule na ya kuanzisha chekechea za serikali ilipita mwaka 1982, chini ya Gavana William Winter, baada ya kushindwa zaidi ya mara moja. Chekechea zikafunguliwa jimbo zima mwaka 1986. Mtoto aliyekuwa na miaka minne alipoingia kwenye kituo cha kanisani mwaka 1965 alikuwa sasa na miaka 25, na kama alikuwa na mtoto wa miaka mitano, mwaka huo ndio aliomshika mkono kumpeleka.